Chupa Iliyozibwa kwa Gunzi

Watu wakikaa kwenye veranda yangu pale Karatu, wakiona magari yangu matatu yamepangwa yakisubiri wageni wa kushuka kreta, huniuliza nilisoma wapi. Nawaambia nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kuchungulia dirishani. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Kilichoniinua ni chupa mbili, bomba la kioo, na jicho langu. Kuna wakati mimi, mchunga mbuzi wa Kansay, nilikuwa mtu pekee katika barabara yote ile mpaka lango la Ngorongoro niliyeweza kutazama maziwa ya mtu na kusema haya yapite, haya yamwagwe, na hakuna aliyenibishia.

Alinibishia mmoja tu. Habari ni ya huyo.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya vita vya Uganda, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Rhotia palikuwa na kituo cha kupokea maziwa, nyumba ya bati moja kando ya barabara, mbele mtaro, nyuma kichaka cha haibiska. Wafugaji walileta maziwa asubuhi, sisi tukayachanganya kwenye mapipa, gari likayapandisha kwenye hoteli ya kitalii huko juu kwenye ukungu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha mapipa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na mikono iliyobabuka kwa maji ya moto.

Kisha siku moja maziwa yakakatikia kwenye chai ya wazungu. Hoteli ikaja juu. Wiki haikuisha, akaja mtaalamu kutoka Arusha, mtu mwenye miwani na sanduku la mbao, akasema kuanzia sasa hakuna kupokea maziwa kwa kunusa. Yatapimwa.

Mkuu wetu wa kituo alikuwa kijana wa kidato cha nne, na alikuwa hodari wa kutukumbusha. Akakaa mbele kujifunza. Mtaalamu akapima mara ya kwanza, akamwuliza, "Umeona rangi ilipobadilika?" Mkuu akasema ameona. "Rangi gani?" Akakodoa macho. "Kijivu."

Mtaalamu akarudia. Kijivu tena. Mimi nilikuwa mlangoni na pipa begani, nikasema, "Pinki, mzee. Pinki kama ulimi wa ndama."

Yule mkuu Mungu alimnyima rangi moja tu kati ya zote, akaiweka kwangu. Nikaambiwa niliweke pipa chini nije mbele. Sijalishika pipa tena tangu siku hiyo.

Mtaalamu yule alinifundisha siku mbili, na niseme kweli, alijua kufundisha kuliko walimu wote walionichapa. Alianza kwa kuchuma maua mekundu ya haibiska pale nyuma, akayachemsha, akayachuja, akamimina yale maji kwenye glasi tatu. Moja akakamulia limau: ikawaka nyekundu kama damu ya shingo. Ya pili akatia magadi, haya haya ya kulainishia makande: ikawa kijani. Ya tatu akaiacha kama ilivyo.

"Limau limebadilika?" akaniuliza.

"Hapana mzee. Maji ya ua ndiyo yamebadilika."

"Magadi je?"

"Ni yale yale."

"Basi hicho ndicho kiashiria. Hakipiki wala hakiungi. Kinakaa pembeni, kinatoa taarifa."

Dawa yenyewe tuliyotumia haikuwa ua. Ilikuwa maji maangavu yenye harufu ya spiriti, na jina refu nililolikariri usiku na mchana mpaka likakaa: fenofthalini. Mimi niliiita shahidi. Maziwa yakikaa, huzaa ukali wao wenyewe ndani kwa ndani, hata kabla ulimi haujasikia kitu. Unachota maziwa kwa kijibomba, kiasi kile kile siku zote, unayaweka kwenye kikombe cheupe, unatia matone matatu ya shahidi. Hutaona kitu. Katikati ya ukali shahidi huyu ni kipofu. Halafu kwenye bomba refu la kioo, lenye vimstari ubavuni na koki chini, unaweka soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, iliyozimuliwa kwa maji. Unafungua koki. Tone linaanguka, panatokea doa la pinki, unatikisa kikombe, doa linapotea, maana ukali umelimeza. Tone jingine, doa, limemezwa. Hivyo hivyo. Mwisho inafika saa ukali wote umekwisha, na tone linaloanguka halina wa kulimeza. Hapo shahidi anafumbua macho. Kikombe kizima kinapata haya usoni. Unahesabu moja mpaka thelathini. Rangi ikibaki, unafunga koki, unasoma vimstari.

Kumi na nne, kumi na sita, kumi na saba: maziwa safi. Kumi na nane ndio mwisho. Kumi na tisa, mwenyewe achukue chake aondoke.

"Sikiliza sana hapa," mtaalamu akasema, akivua miwani. "Huyu shahidi hajui hesabu. Yeye anasema neno moja tu: umekwisha. Ulikuwa mwingi au mdogo, hilo unalijua kwa soda, umetumia vimstari vingapi. Kwa hiyo soda lazima iwe na nguvu ile ile leo, kesho na mtondogoo. Hii chupa isikae wazi. Hewa inaila soda, inaidhoofisha. Ikidhoofika, utatumia nyingi kwa ukali ule ule, na utamhukumu mtu asiye na kosa."

Nikaitikia, ndiyo mzee. Moyoni nilicheka. Hewa ina meno?

Akaondoka. Nikabaki mfalme.

Mnaosoma mkidhani nitasema nilikuwa mnyenyekevu, fungeni kitabu. Nilishona koti jeupe kwa kitambaa cha gunia la unga lililofuliwa mara saba. Niliweka meza nje, kwenye mwanga, ili kila mtu aone. Mwongozo ulisema maziwa yaliyoshindwa arudishiwe mwenyewe, na ni kweli hayana ubaya, unagandisha unakula na ugali. Mimi sikurudisha. Nilimwaga kwenye mtaro, mbele ya mwenyewe, polepole. Nilisema nazuia asiyalete tena kesho. Ukweli nilipenda ile sauti. Na nilipenda uso wa mzee aliyewahi kuniita mbwa wa Kansay, ameshika kofia mkononi, akisubiri kikombe changu kipate rangi. Mbwa wa Rhotia wote walihamia kwenye mtaro ule wakanenepa.

Yule mama alikuja mwezi wa pili wa enzi yangu. Mjane wa kama miaka arobaini, anakaa kule juu kilimani, saa moja na nusu kwa mguu. Mrefu, mkavu, na mdomo wake ulikuwa na makali kuliko soda yangu. Siku ya kwanza alisimama akanitazama nimeinama, jicho kwenye koki, mdomo wazi kwa kuhesabu.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "umening'inia kwenye hilo bomba kama ndama aliyekosa chuchu."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa yake mwenyewe. Maziwa ya mama yakasoma kumi na saba. Nikampitisha, sikuwa na la kufanya.

"Asante, Bwana Matone," akasema.

Jina likanasa. Bwana Matone barabarani, Bwana Matone kwenye kilabu cha pombe, Bwana Matone kanisani kwenye mstari wa sadaka. Mtu anaweza kusahau fimbo, jina halisahauliki. Nikamweka moyoni, nikasubiri.

Sasa lazima nieleze huyu mama alikuwa na nini cha kupoteza, maana bila hilo hamtaelewa.

Ng'ombe aliyemkamua hakuwa wake. Alikuwa wa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na ng'ombe huyo aliwekwa katika nyumba ile tangu kaka mtu yu hai. Kwetu ng'ombe huwekwa hivyo: wewe unalisha, unakamua, ndama ni wa mwenyewe, ila ndama wa tatu ni wa mlishaji. Huyu ng'ombe alikuwa na mimba ya tatu. Mama akifika pale, ana ng'ombe wake mwenyewe, na mwanamke mwenye ng'ombe wake hafukuzwi na mtu. Shemeji alilijua hilo vizuri. Lakini huwezi kumwondoa ng'ombe kwenye nyumba ya mjane bila kosa. Utaonekana mchawi. Lazima kosa lipatikane, tena la kuonekana na wengi.

Na kuna kubaya zaidi ya hilo. Nyumba ikishukiwa kuwa na mkosi, kwetu haipigwi wala haitukanwi. Inaachwa. Watu hawaji kuomba moto, hawakuiti kwenye kazi ya kuvuna, kikombe chako hakipokelewi. Unaishi katikati ya watu kama jiwe.

Siku moja nikiwa natoa chupa ya soda kabatini, kizibo cha mpira kilinitoka, kikabingirika, kikaingia mtaroni. Nilikitafuta. Nadhani mbwa alikiona ni kipande cha utumbo. Ningeandika barua Arusha kuomba kingine, lakini mkuu wangu wa kijivu angepata la kusema: ona, darasa la nne hili. Nikafanya wanavyofanya watu wote kwetu na chupa ya mafuta ya taa. Nikachukua gunzi la mahindi, nikalichonga, nikaziba. Lilikaa vizuri kabisa. Nililisifu.

Wiki zikapita. Nikaona maziwa yanazidi kukataliwa, hasa ya watu wa mbali na ya ng'ombe wenye maziwa mazito, ambayo hata yakiwa mapya husoma juu kidogo. Nikasema ni jua. Nikasema ni uchafu wao. Mtaro ukajaa.

Siku ya mama ilipofika, kikombe kilikataa kupata rangi mpaka vimstari ishirini.

"Yamechacha," nikasema.

"Nimeyaonja njiani, mdogo wangu. Matamu."

"Ulimi wako si kipimo, mama. Ni kibuyu chako hicho."

"Kibuyu hiki nimekifukiza kwa mkaa kabla wewe hujajua kufunga suruali."

Watu wakacheka, ila kidogo. Nilikuwa nimeshainua kibuyu. Nilimwaga polepole kuliko siku zote. Alitazama mpaka tone la mwisho, akakipokea, akaenda.

Kesho yake alikuja na ndoo ya bati, mpya, ya kuazima, imefunikwa kwa kitambaa kilichochemshwa. Ishirini. Nikamwaga. Safari hii hakunitania, alitazama nyuma ya foleni. Kanuni ilikuwa ukikataliwa mara tatu kwa mwezi, jina linafutwa. Lakini sio kanuni iliyomzuia ulimi. Nyuma ya foleni alikuwa amesimama shemeji, mwanamume wa shuka la kijivu na fimbo, ambaye hakuwahi kuleta maziwa hata siku moja. Alikuja kuangalia.

"Maziwa yanachachia mkononi mwake," akamwambia jirani yake, wala hakunong'ona. "Kibuyu kimebadilishwa. Ndoo imebadilishwa. Kimebaki nini? Mkono."

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, nilisikia kengele ya ng'ombe. Nikainua uso. Mama alikuwa anashuka barabarani akimvuta ng'ombe wake kwa kamba, ng'ombe mwekundu mwenye nundu, tumbo limetanda. Kamleta mnyama mzima kwenye kituo! Watu walimpisha. Akamfunga kwenye nguzo ya bati letu, akaosha mikono kwa maji ya kituo na sabuni ya kituo, akaosha kiwele, akanyoosha mkono.

"Nipe kikombe chako," akasema. "Hicho hicho cheupe. Sitaki ndoo, sitaki kibuyu. Utapima yakiwa bado na joto la mama yao, na hawa wote wataona."

Shemeji alikuwepo, fimbo mabegani. Foleni ilivunjika ikawa duara.

Nikampa kikombe. Akakamua, maziwa yakalia kwenye kauri, mvuke ukapanda kwenye baridi ya asubuhi. Nikachota kiasi changu nikakitia kwenye kikombe cha pili, matone matatu ya shahidi, nikafungua koki.

Nawaambieni, nilitaka yapite. Sikumpenda, lakini nilijua maziwa ya kiweleni hayajachacha, hata mtoto anajua. Tone, doa, limemezwa. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na nane. Kikombe cheupe kama macho ya maiti. Kumi na tisa. Kwenye ishirini na moja kikapata rangi. Nikahesabu mpaka thelathini. Rangi ikabaki.

"Soma," mama akasema.

"Ishirini na moja."

Kisha mama akacheka, cheko la mtu aliyeweka chini mzigo.

"Mmesikia wenyewe? Dakika hii yametoka kiweleni! Basi si kibuyu, si ndoo, si mkono wangu. Ni chupa ya Bwana Matone inayosema uongo. Wangapi kati yenu amewamwagia?"

Manung'uniko yakaanza. Nikageuka kutazama chupa, na hapo ndipo nilipoona. Kulizunguka gunzi, kwenye mdomo wa chupa, palikuwa na ukoko mweupe, mkavu, kama magadi ya ziwani. Hewa ilikuwa na meno kweli. Ilikuwa imekula soda yangu kwa majuma, kupitia vitundu vya gunzi, na mimi nimekaa hapa kwenye koti la gunia nikihukumu watu. Maneno ya mtaalamu yalinijia yote, na miwani yake.

Nilikuwa na pumzi moja ya kuchagua. Naikumbuka mpaka leo. Niseme, jamani, kizibo kilipotea, nisameheni, nirudi kwenye mapipa na maji ya moto, na yule wa kijivu akae mezani pangu. Au.

"Chupa haina ulimi, mama," nikasema. "Wala haikujui. Mnataka tuijaribu? Leteni maziwa mengine."

Nilimwita mzee mmoja wa jirani kabisa na kituo. Ng'ombe wake nilimjua: maziwa mepesi kama maji ya mchele, siku zote kumi na nne. Nikachota, matone matatu, koki. Kwa soda ile mbovu nilijua yatapanda, lakini hayatafika. Yakapata rangi kwenye kumi na saba.

"Kumi na saba," nikasema, nikiinua kikombe kila mtu aone pinki. "Yamekamuliwa saa nzima iliyopita, na ni safi. Haya ya mama yametoka sasa hivi, na ni ishirini na moja. Chupa ile ile. Sasa niambieni nyie, mwenye kosa nani?"

Ujanja huo sikufundishwa na mtu. Kipimo kikikosea kwa wote, kinaonekana hakijakosea. Niliwatazama wakitafuna hesabu ile, nikaona inavyowaingia.

"Ni ng'ombe," nikasema. "Maziwa yanachachia ndani yake."

Nilijua neno hilo litatua wapi. Mimi ni wa huko huko, nilinyonya desturi hizo. Wanawake waliosimama karibu naye walirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Mmoja alivuta kitenge chake kisimguse ng'ombe. Shemeji alishusha fimbo, akaenda nguzoni, akafungua kamba bila haraka.

"Mmesikia," akasema. "Sikusema mimi."

"Shemeji," mama akasema, "ana mimba. Ana ndama wangu."

"Ndama gani anakua kwenye tumbo lililochacha?"

Akamvuta akaenda naye upande wa Karatu, sio wa kilimani. Upande wa Karatu kuna machinjio. Mama hakumkimbilia. Aligeuka akaniangalia, kikombe changu bado kiko juu, na safari hii hakuniita Bwana Matone wala mdogo wangu.

Watu walipokwisha kuondoka nilifunga mlango. Maziwa yake yalikuwa yamebaki kidogo kwenye kikombe alichokamulia. Nilifungua chupa mpya ya soda, ile ya akiba niliyoachiwa na mtaalamu, yenye kizibo chake. Nilipima. Kumi na saba. Nikapima tena, kumi na saba. Maziwa safi kuliko yote niliyopokea asubuhi ile. Nikayamwaga, nikavunja chupa ya gunzi nyuma kwenye haibiska, nikafukia vigae.

Mtaalamu alipokuja mwisho wa mwezi alifungua daftari, akaona maziwa yaliyokataliwa yamepungua ghafla mpaka karibu hakuna. "Umewanyoosha," akasema, akanipiga bega. Baada ya miezi miwili mkuu wa kijivu alihamishwa, mimi nikawa mkuu. Kwenye gari la maziwa nikajuana na watu wa hoteli, kwa watu wa hoteli nikajifunza wageni, kwenye wageni nikapata gari la kwanza, Landrova bovu nililoliamsha kwa mikono yangu. Hayo mnayajua, mnayaona yamepangwa pale nje.

Mama alibaki kilimani. Kama nilivyosema, hawakumpiga. Nilipita huko mara moja msimu wa kuvuna, mashamba yote yana vicheko na pombe ya mtama, shamba lake lina yeye na binti yake tu, wanavunja mahindi wawili, kimya. Nilipiga honi. Sijui kwa nini nilipiga honi.

Ikapita kama miaka mitano. Nilikuwa nimeshajenga, vyumba vinane, saruji, veranda. Niliamka siku moja nikakuta wamekaa kwenye ngazi yangu: yeye, amekonda zaidi, na wazee wawili kutoka Daa wenye mablanketi na fimbo. Nikawakaribisha viti. Yeye hakukaa.

Mzee mmoja alieleza. Kijana wao anamtaka binti wa huyu mama. Hawana neno na binti, mchapakazi, msafi. Ila wamesikia habari ya ng'ombe. Hawawezi kupeleka kijana kwenye nyumba yenye mkosi. Mama kawaambia mkosi haukuwepo, kilichokosea kilikuwa chupa. "Sasa tumekuja kwa mwenye chupa," mzee akasema. "Wewe ndiye uliyepima. Neno lako tutalichukua."

Mama alisema, na sauti yake haikuwa na wembe hata kidogo. "Sitaki ng'ombe, baba. Ameshaliwa. Sitaki hata uniombe radhi. Waambie tu. Ilikuwa ng'ombe au ilikuwa chupa?"

Kaniita baba, mtu aliyenipita miaka kumi na saba.

Nilikuwa na mambo mawili ya kupoteza: hoteli ya juu ilikuwa karibu kunipa kazi ya kuwaletea maziwa na mboga mwaka mzima, na watu wangesema nini, mwenye kipimo amekiri kipimo chake kilikuwa uongo? Hayo nilijiambia baadaye. Pale pale sikuwaza maziwa wala mboga. Niliwaza ndama aliyekosa chuchu, na foleni nzima ikicheka.

"Ng'ombe," nikasema.

Wazee walitikisa vichwa, wakainuka, wakashukuru kwa chai ambayo hata haikuwa imeletwa. Wakashuka ngazi wakashika njia ya Daa. Binti yule hakuolewa hapo wala kwingine ninakokujua.

Mama alibaki amesimama. "Naomba maji," akasema.

Nilimletea mwenyewe, glasi ya wageni, maji ya kuchemsha. Aliipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Akaiinua kwenye mwanga, usawa wa jicho, jicho moja amelifumba, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesoma vimstari. Alikaa hivyo muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu. Kisha akaishusha, akaimimina kwenye saruji ya veranda yangu, mbele ya viatu vyangu, polepole, mpaka tone la mwisho. Akanirudishia glasi na kuondoka.

Nilimwita mfanyakazi wa jikoni aje na tambara. Alipiga magoti, akaniuliza kimemwagika nini.

"Maji tu," nikamwambia. "Futa."